Bua la Mahindi Chini ya Lori

Juzi kule mtaani Langas nilimwona fundi akipandisha watoto nyuma ya pikapu aliyokuwa ameifunga matairi mapana. Harufu ya grisi ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utoto wangu, shambani kwa Mzungu mmoja, kando ya barabara ya kwenda mji wa Ziwa.

Baba alikuwa fundi wa shamba lile. Lori lilikuwa likikwama matopeni, kwa hivyo aliongeza vipande vya chuma kati ya ekseli na springi, bodi iinuke na matairi mapana yaenee. Kisha akawaita watoto wote wapande, uzito wao ukandamize springi, aone kama tairi litagusa bodi. Mimi akanibakisha chini na bua la mahindi.

"Chebet, lishike hapa, kati ya tairi na bodi. Likibanwa, sema."

Rebeka, binti wa jirani, alikuwa amekalia gunia huko juu kama memsaabu, mke wa Mzungu. "Chebet, leo wewe ni wa matope!"

Watoto walicheka, wakarukaruka, springi zikalia. Nilidhani Baba anampenda Rebeka kuliko mimi. Nikaona wivu. Bua lilikuwa huru kabisa mkononi mwangu, lakini nilipiga kelele, "Limebanwa!"

Baba hakuinama kuangalia. "Shukeni wote," alisema, akachukua spana, akaanza kufungua kazi ya siku mbili.

Rebeka alishuka amenuna, nami nikafurahi. Sasa najua kwamba huko juu palihitajika uzito tu. Chini palihitajika mtu wa kuaminiwa, na Baba alikuwa amenichagua mimi.