Nimesikia Tableti Ndogo Inakuja

Mwanamke aliyepakwa hina hana mikono. Ameinyoosha mbele yake juu ya mto, vidole vimeachana, hawezi kushika simu wala kujikuna pua, na atakaa hivyo mpaka hina ikauke na kuanza kumomonyoka yenyewe. Alichobakiwa nacho ni masikio na mdomo. Napaka hina hapa Malindi tangu nikiwa msichana, na kama kuna jambo ninalolijua kuhusu kazi hii ni kwamba neno lililosemwa kwenye mkeka wa hina halipotei. Linafika nyumbani kabla ya aliyepakwa.

Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba nilichomfanyia binamu yangu hakikutokea kwa bahati mbaya. Nilikusudia. Nilifurahi siku ile, na mpaka leo nikikumbuka nafurahi tena.

Binamu huyu ni mtoto wa mjomba wangu, na ana duka la simu mjini. Mama yangu alikuwa shangazi yake. Alikula kwetu miaka yote ya shule, na alipooa, mama ndiye aliyempaka hina bibi harusi wake, mikono na miguu, bila kupokea kitu. Kama haya ni masimango, basi na yawe masimango.

Mama alikuwa na mchoro wake mwenyewe. Hakupenda koni za plastiki tunazotumia sisi. Alichonga kijiti cha ukuti mpaka kikawa chembamba, akakichovya kwenye bakuli la hina, na uzi mmoja wa maua ukaanzia kwenye kidole cha shahada, ukapita mgongo wa mkono, ukazunguka kifundo na kupanda juu. Katikati ya kiganja aliacha pakiwa wazi. Alisema hapo ni mahali pa dua, hapahitaji pambo. Lakini kilichomtambulisha kilikuwa kiwiko. Wapakaji wote hukomea chini ya kiwiko, kwa sababu pale ngozi inakunjika na mchoro unavunjika. Wake ulivuka. Bibi harusi akikunja mkono, maua yalifumba pamoja naye, akiunyoosha, yalifunguka. Nilimtazama akifanya hivyo miaka na miaka, na mkono wangu ulikataa kujifunza. Mikono yake ilipoanza kutetemeka nikaanza kumpiga picha kila alipokifikia kiwiko, hatua kwa hatua, nikijiambia kwamba nitakuja kuzisoma polepole.

Picha hizo zilikuwa kwenye tableti yangu na si mahali pengine popote. Mtu wa mbali atashangaa kwa nini sikuzituma kwenye simu au kuzihifadhi mtandaoni. Hajawahi kukaa kwenye chumba cha bibi harusi wa huku kwetu. Mwali yule amefunua mikono mpaka mabegani na miguu mpaka magotini, na kabla sijampiga picha nilimwahidi mbele ya mama yake kwamba haitatoka ndani ya chombo kile: haitatumwa, haitapandishwa popote, haitafika penye macho ya mwanamume. Ndivyo tunavyofanya kazi. Mpakaji akivunja ahadi hiyo mara moja, haitwi tena.

Kisha mama akafariki, na tableti ikajaa. Kila nikitaka kupiga picha mpya iliniandikia kwamba nafasi imekwisha. Kufuta hata picha moja ya mkono wa mama sikuweza. Nilihitaji nyingine yenye nafasi kubwa zaidi, basi.

Siku ya hitima ya arobaini, baada ya watu kula, binamu alikuja uani kutuaga. Nikamweleza shida yangu. Akaniambia nisinunue sasa, kuna tableti ndogo inakuja, na habari hizo amezipata kwa wafanyabiashara wenzake wa Mombasa. Ni ndogo, inaingia kwenye mkoba. Inasemekana itakuwa elfu ishirini na tano ile ya GB mia na ishirini na nane, na ukiongeza elfu tano tu unapata ya mia mbili hamsini na sita.

"Chukua hiyo kubwa, dada," akasema. "Shangazi angepaka hina mpaka kiama isingejaa."

Nilitokwa na machozi aliposema shangazi. Akanishauri nimwachie tableti ile ya zamani, ili ndogo ikifika tu picha zihamishwe siku hiyohiyo. Mke wake ndiye angezihamisha, akasema, mwanamke kwa wanawake wenzake, yeye mwenyewe hata asingetazama. Nikampa mkononi. Sikumwomba hata karatasi, maana ningemwombaje karatasi mtoto aliyekula sahani moja na mimi?

Nikaanza kusubiri. Kila nikipita dukani tetesi zilikuwa zimegeuka. Mara bei imepanda kidogo kwa sababu ya ushuru, mara imeshuka. Mara ile yenye nafasi kubwa haitaletwa Kenya kabisa, mara italetwa hiyo peke yake. Mara kioo kimepunguzwa, mara kimeongezwa. Alizungumza kwa uhakika kama mtu aliyetoka kiwandani asubuhi ile, na kila mara alimalizia kwa maneno yaleyale, kwamba nisubiri, iko njiani. Msimu wa harusi ukaja ukapita, nami nikipaka michoro ya kawaida na kukomea chini ya kiwiko kama wengine.

Niliiona tena tableti yangu Matsangoni. Nilikuwa nimeitwa kumpaka mwali wa huko, na mtoto wa nyumba ile alikuwa amelala kifudifudi sebuleni akitazama katuni. Niliitambua kabla sijalivua bakuli langu kitambaa. Kona ya juu ilikuwa na ufa, na ukingoni kulikuwa na doa la hina ambalo mama aliliacha siku aliyoisogeza kwa kidole kibichi. Nikamuuliza mama wa mtoto ameitoa wapi. Akalitaja duka la binamu yangu, akasifu bei aliyopewa. Nikamwomba aniruhusu niifungue mahali pa picha. Zilikuwamo picha za mtoto, za mbuzi, za keki ya siku ya kuzaliwa. Nilimpaka yule mwali nikiwa sioni vizuri ninachochora.

Kesho yake nilikwenda dukani kumuuliza. Hakukataa. Alinitazama kwa uso wa mtu aliyetoka msikitini.

"Nilizifuta kwa stara, dada," akasema. "Ile ni miili ya wanawake. Mimi nimekusitiri."

Kisha akainua mabega yake. "Ni picha tu. Utachora nyingine."

Nilirudi nyumbani, nikachonga kijiti cha ukuti, nikajaribu kwenye mkono wangu mwenyewe. Nilipofika kwenye kiwiko mchoro ukavunjika. Nikaosha, nikajaribu tena, ukavunjika palepale. Mama nilimzika mara moja makaburini, na mara ya pili alizikwa na mtu wa duka la simu kwa sababu ya faida ndogo. Nilimchukia kwa roho yangu yote, na sikutaka chuki ile ipoe.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Kila anayeuza kitu Malindi hungojea kumi la mwisho, na binamu yangu alikuwa amejiandaa kweli. Alikuwa ameagiza tableti kubwa kubwa, maboksi yamepangwa mpaka darini, na mlangoni ametundika bango la ofa ya Idd. Kina mama ndio waliokuwa wanunuzi wake, kwa kuwa wao ndio huwasukuma waume zao wawanunulie watoto. Na kina mama hao wote, siku hizohizo, walikuwa kwangu wamenyoosha mikono.

Nilikuwa nimefunga, kwa hiyo nilijichunga nisiseme uongo. Sikumtaja mtu. Nilisubiri mkeka ujae, hina iwe mbichi kwenye kila kiganja, kisha nikasema huku nikiendelea kupaka, bila kuinua kichwa, kwamba nimesikia tableti ndogo inakuja.

Wakauliza bei. Nikawaambia: elfu ishirini na tano ile ya nafasi ndogo, na ukiongeza elfu tano unapata ya nafasi kubwa. Wakauliza hiyo nafasi ni nini. Nikawaeleza kwa namna ninavyoielewa mwenyewe, kwamba ile ya kwanza inabeba picha za harusi za mtaa wenu, na ile ya pili inabeba za Malindi nzima na Watamu yake. Wakauliza nimesikia kwa nani. Nikasema kwa mtu anayeuza simu, na hilo lilikuwa kweli tupu. Mmoja ambaye mumewe alikuwa ameahidi kununua kubwa jioni ileile akaomba nimwekee simu sikioni, maana yeye hakuwa na mkono, akamwambia asithubutu kutoa pesa.

Baada ya hapo sikuhitaji kusema sana. Waliokauka waliondoka na neno hilo, waliokuja walikuwa nalo tayari. Mke wa mwalimu mmoja alikwenda kwao Kaloleni akarudi ananihadithia mimi kwamba tableti ndogo inakuja, na ina kalamu yake ndani ya boksi. Kutoka Junju lilirudi likiwa na bei pungufu na mfuko wa ngozi juu yake. Nilitikisa kichwa kwa kila mmoja na kusema kalamu sijaisikia, mfuko sijausikia, mimi nimesikia bei na nafasi tu. Wakaniamini zaidi kwa vile sikutia chumvi. Nilipita mbele ya duka nikitoka kununua ndimu, nikaona maboksi bado yamefika darini, na saumu ile niliihisi nyepesi kuliko zote.

Binamu alikuja siku ya mwisho ya mfungo, alasiri. Ua wangu ulikuwa umejaa wanawake, na mbele yangu alikuwa ameketi mkewe. Yeye huja kila Idd. Ni mwanamke mpole, na kila mwaka huniomba jambo moja, nimpake ule mchoro wa shangazi aliopakwa kwenye harusi yake. Kila mwaka nilimwambia mwaka ujao. Safari hii nilimwambia akunje mkono wa gauni mpaka begani, nitajaribu, na nilikuwa nimeanza kwenye kidole cha shahada.

Hodi ikasikika nje ya pazia. Mwanamume haingii penye wanawake wanaopakwa hina, kwa hiyo akabaki hukohuko mlangoni, sauti tu. Nikaitikia, nikamuuliza hali. Akaniambia ana neno nami, nitoke. Nikamjibu kwamba mikono yangu ina kazi, aseme hapohapo. Hakuna mwanamke aliyekuwa na mkono wa kuziba masikio hata kama angetaka.

"Dada, waambie hao kina mama hakuna tableti hiyo," akasema. "Ni uvumi tu."

"Uvumi wa nani?"

Akaanza kuniita dada tena, nikamkatiza.

"Elfu ishirini na tano," nikasema, "ukiongeza elfu tano unapata ile kubwa. Shangazi angepaka hina mpaka kiama isingejaa. Maneno hayo ni ya nani, ndugu yangu? Mimi niliyasikia siku ya hitima ya mama, na niliyaamini mpaka nikakupa tableti yangu. Kama ni uongo, sema. Watu wote hapa wanakusikia."

Nilikisikia kiatu chake kikisugua sakafu ya kibaraza. Angesema ni kweli, maboksi yake yangebaki. Angesema ni uongo, angekuwa amekiri mbele ya nusu ya wanawake wa Malindi kwamba alimdanganya yatima wa shangazi yake siku ya dua. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini.

"Dada, nina mzigo mkubwa ndani. Kesho ni Idd."

"Subiri," nikamwambia. "Iko njiani."

Mwanamke mmoja akacheka kwa puani, halafu wakacheka wote, wakiwa wameinua mikono yao juu ili hina isiharibike. Viatu vikaondoka.

Mkewe hakucheka. Aliniuliza ni tableti gani niliyompa mumewe, naye mbona haijui. Nikamweleza yote, taratibu, huku napaka: picha za kiwiko, ahadi kwamba yeye ndiye angezihamisha, Matsangoni, maneno yale ya stara. Hakuwahi kuambiwa hata moja. Alitazama ukutani muda wote, na mkono wake haukutikisika.

Uzi wa maua ukazunguka kifundo, ukapanda, ukafika kwenye kiwiko. Nikauinua mkono wangu.

"Ninaujua mpaka hapa," nikamwambia. "Palipobaki alipafuta mumeo."

Alikunja mkono kidogo, akaona ulivyokatika, uzi ukiwa wazi kama mshono ulioachwa njiani. Sikupenda kumtoa nyumbani kwangu hivyo, kesho Idd aonekane hivyo mbele ya wageni wake. Nikachukua koni ya plastiki, nikamwambia nitamfungia kwa majani madogo, kama wanavyofanya wote, hakuna atakayejua.

Akausogeza mkono mbali na koni.

"Usiufunge, wifi," akasema. "Nataka auone kila nikimwekea chakula."