Kichwa cha Mbuta

Shule ilipofungwa nilishuka Kisian na sanduku langu la bati, na kabla sijafika mlango wa jikoni kwa Dani, mama ya baba yangu, pua ilishaniambia: leo ni mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani.

Rafiki yangu, ungekuja nikiwa darasa la pili! Baba wadogo watatu walikaa chini magoti yakigusana. Mama jirani alileta maziwa ya mala, akasema hakai, halafu akakaa mpaka sufuria ikaoshwa. Dani alisonga ugali mwiko ukilia, jasho likimtoka, na mimi nilipuliza moto hadi nikafanana na masizi.

Kichwa cha samaki kilikuwa cha mwanaume mkubwa kwa nyumba. Hiyo ilikuwa sheria. Mimi nilipata mkia, na kofi nikinyoosha mkono mbele.

"Wewe, chako bado hakijajaa, unataka cha samaki cha nini?" baba mdogo wa mwisho aliniuliza siku moja. "Ngoja sisi tuishe kwanza."

"Sawa, lakini msikawie."

Walicheka mpaka Dani akafuta machozi na leso. Hiyo foleni niliijua: nilikuwa wa nne. Nilidhani nitafikiwa nikiwa na mvi na kitambi.

Hawakukawia. Mkubwa alianza kukonda, kichwa kikahamia kwa wa pili, kisha kwa wa tatu. Ule ugonjwa huku hatuutaji, tunasema homa. Mama jirani naye akaacha kuja. Alisema ng'ombe amekauka. Ng'ombe mwenyewe namuona kila likizo, kiwele kinakaribia kuburuta chini. Wa mwisho tulimzika muhula uliopita.

Sasa leo Dani akapakua. Ugali ulikuwa uleule, wa watu wengi.

"Dani, huu wote ni wa jeshi gani?"

"Mkono umezoea," alisema.

Akasukuma sahani mbele yangu. Kichwa kizima, jicho likinitazama.

"Kula, Mzee."

Mimi niko kidato cha tatu. Shuleni nachapwa kwa sababu ya huu mdomo, lakini nilitafuta utani hapo nikakosa hata mmoja. Na hata ningepata, nani angecheka? Nafasi kwenye mkeka ilikuwa tele, unaweza kunyoosha miguu yote miwili.

Nikapeleka mkono polepole, bega nimelikunja vile nilivyozoea, nikingoja kofi.

Hakuna aliyenipiga.