Sahani Mia Mbili za Bi Tunu

Bi Tunu, Mama Twaha kwa jirani zake, hakuwa mtu wa mali. Alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu kule Wazo, mtaa wa ndani kabisa, ambako vumbi ukilifagia asubuhi linarudi adhuhuri, na nyuma ya nyumba alikuwa na stoo ya mabati. Fahari yake yote ilikuwa humo stoo: sahani mia mbili zenye ua jekundu ukingoni, bilauri za kutosha harusi nzima, masinia, sufuria za kupikia ubwabwa wa watu wengi, na mabeseni sita ya kuoshea. Vilikuwa vyombo vya kikundi cha wanawake wa mtaa, si vyake, lakini ufunguo ulikaa kwenye pindo la kanga yake, na mwenye ufunguo ndiye mwenye nyumba.

Kwa miaka mingi vyombo vile vilikaa bure. Watu walikuwa wameingiwa na uvivu wa kisasa. Msiba, sahani za kutupa. Harusi, sahani za kutupa. Zile nyeupe, nyepesi, upepo ukivuma zinamkimbia mlaji na wali wake. Shughuli ikiisha, zote mtaroni. Mvua ikinyesha, mtaro unazitapika sebuleni kwa watu. Bi Tunu alikuwa akiziangalia na kusonya. Alisema wanawake wa siku hizi wanajua kula tu, kuosha wamewaachia mashetani.

Basi sheria ndogo ya kata ilipokuja, aliipokea kama mgeni aliyemsubiri. Mtu akitaka kibali cha shughuli, aoneshe kwanza vyombo watakavyolia wageni wake. Sahani, vikombe na vijiko vya kutupa ni marufuku kwenye mkusanyiko wowote, na faini yake si ya kuchekea. Adelard, mtendaji wa mtaa, alisimama kwenye mkutano akasema, "Msiniulize mtapata wapi vyombo. Nendeni kwa Bi Tunu." Watu wakapiga makofi. Bi Tunu akainamisha kichwa kwa haya, lakini siku ile hakulala kwa furaha, na tangu hapo alitembea mtaani kama kadhi.

Na kusema haki, sheria ilikuwa nzuri. Mtaro ulipumua. Mvua za vuli zilipita bila sebule ya mtu kujaa maji. Lakini sahani nazo hazikupata pa kupumzika. Zilitoka arobaini zikaenda ubatizo, zikatoka ubatizo zikaenda unyago, mara nyingine bado mbichi kwa maji ya kuoshea. Maji yenyewe yalikuwa ya shida. Bomba la mtaa lilitoa maji kwa mgao, na mgao ukikatika, wote walikimbilia kisima cha Mwinjuma, fundi wa milango, jirani wa pili kutoka kwa Bi Tunu.

Jumatano moja, alfajiri, Najat, mke wa Mwinjuma, alimgongea Bi Tunu. Alimshika mkono akamvuta. Mwinjuma alikuwa amelala kwenye mkeka chumbani, na hakuwa Mwinjuma yule wa juzi. Macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka, na Bi Tunu alipomfinya ngozi ya mkono ikabaki imesimama vilevile. Ndoo iliyokuwa pembeni yake ilikuwa na maji meupe, kama maji uliyooshea mchele.

Bi Tunu aliyajua maji yale. Alipokuwa msichana, mwaka wa kipindupindu, yalimchukua shangazi yake pamoja na watoto wake wawili.

"Tumpeleke hospitali, sasa hivi," alisema.

"Tangu usiku namwambia. Hataki. Anasema litapita."

Halikupita. Kabla bajaji haijafika, Mwinjuma alikuwa ameshakata roho. Najat hakulia. Alifunga mlango, akamgeukia Bi Tunu akampigia magoti, mtu na akili zake.

"Mama Twaha, nakuomba kwa Mungu. Wakijua kilichomuua watakuja wale watu wa afya wenye mavazi meupe. Watampulizia dawa, watamtia kwenye mfuko wa nailoni, watamzika wao. Ndugu zake hawatamwosha. Mume wangu azikwe kwenye mfuko kama kitu cha kutupwa?"

Ungefanyaje wewe? Bi Tunu alikuwa mtu wa pwani, aliyelelewa akiambiwa kwamba aibu ya maiti hufunikwa na aliye hai. Alimnyanyua Najat, akamfuta uso. Wakaenda pamoja kuimwaga ile ndoo chooni, na choo chenyewe kilikuwa hatua chache tu kutoka kisimani. Nje, watu walipouliza, Bi Tunu ndiye aliyejibu. Presha. Ilimpanda ghafla. Na kwa kuwa hajawahi kusema uongo mtaani, wakaamini.

Mwinjuma alioshwa na kaka zake, akasaliwa, akazikwa. Ijumaa ikasomwa hitima, watu wakala kwenye sahani za ua jekundu. Bi Tunu hakugusa tonge. Hitima ilipoisha alihesabu siku kwenye vidole: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Hakuna aliyeumwa. Akajiambia basi limepita, limekwenda na mwenyewe. Ila kila aliposikia mtoto wa jirani akikohoa au mlango wa choo ukifungwa, moyo ulimpiga paa.

Ijumaa hiyohiyo jioni Benedicta alikuja. Benedicta ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Mbeya, jirani wa ukuta kwa ukuta. Kesho yake binti yake Sekela alikuwa anapata kipaimara, na mtaa mzima ulikuwa umealikwa. Hata mbuzi alishapangiwa mtu wa kumchinja, ili Waislamu nao wale bila wasiwasi.

"Shikamoo, Mama Twaha."

"Marahaba, mwanangu. Sahani ziko tayari. Njoo na watu wazibebe."

Benedicta alisitasita. Akasogea karibu. "Mama, nina sahani za kutupa, katoni mbili. Nimezificha uvunguni. Mie naogopa bure labda, lakini maji hakuna tangu Jumatatu, na vyombo vimetoka msibani leo. Vipi tukitumia zile kimyakimya? Tunakula ndani ya uzio, mtendaji hatajua."

Hapo, msomaji, ndipo mlango ulipofunguliwa. Bi Tunu angesema neno moja tu, "Zitumie," na angekwenda zake kulala. Lilimfika mdomoni. Lakini akaona yatakayofuata: Benedicta angeshangaa, kwa nini Bi Tunu, Bi Tunu mwenyewe, aruhusu kitu kile? Angeuliza. Mwalimu huuliza mpaka apate jibu. Na nyuma ya hofu hiyo ilikaa nyingine ndogo, ya aibu kuisema: fahari. Hajawahi kuambiwa kwamba vyombo vyake vinatia shaka.

"Utatozwa faini ya bure siku ya furaha ya mtoto," alisema. "Na mie nitawekwa wapi? Vyombo vyangu havina neno, Benedicta. Nitasimamia kuosha mwenyewe."

"Basi yaishe, mama. Ukisema wewe nimeridhika."

Lile neno, nimeridhika, lilimkaa Bi Tunu kifuani kama mwiba wa samaki.

Jumamosi saa nne, mabeseni sita yalipangwa uani kwa Benedicta. Bi Tunu alikuwa amekuja na sabuni ya kutosha na nia ya kusugua mpaka ua jekundu lififie. Ndipo wasichana wakaingia na madumu kichwani, mmoja nyuma ya mwingine, wakicheka.

"Mmeyatoa wapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kwa Bi Najat, bibi. Katupa bure. Kasema na yeye achangie furaha ya Sekela."

Bi Tunu alimtazama Najat ng'ambo ya uzio, kajifunga kaniki yake ya eda, kasimama mlangoni. Macho yao yakakutana. Najat aliinua mkono, kwa wema kabisa, kama mtu anayelipa fadhila. Hakujua, yeye alidhani maradhi ni ya mtu, si ya maji. Bi Tunu ndiye aliyejua, au alishuku kiasi cha kujua, ambacho mbele ya Mungu ni kilekile.

Wasichana walimimina maji. Alitaka kusema myachemshe. Lakini nani huchemsha maji ya kuoshea sahani mia mbili? Wangemcheka kwanza, kisha wangeuliza. Akainama akasugua. Alisugua kwa hasira, kucha zikamuuma, na sahani zikasuuzwa kwenye maji yale zikapakuliwa pilau zikiwa bado zinachuruzika. Bilauri nazo zikachovywa, zikajazwa juisi ya ukwaju.

Adelard mtendaji alikuja, akala, akapewa nafasi ya kusema. "Angalieni uwanja huu," alisema. "Hakuna hata sahani moja iliyotupwa! Huu ndio mtaa wa mfano." Watu wakamshangilia Bi Tunu. Sekela, ndani ya gauni lake jeupe, alimletea sahani kwa mikono miwili akapiga goti kidogo. Bi Tunu akala. Alikula yote. Alijiambia kama ni kufa basi na wafe wote, halafu akashtuka kwamba moyo wake ulikuwa umekubali kusema hivyo.

Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema kilio cha nani.

Jumapili saa tano asubuhi Benedicta aliingia kwa Bi Tunu bila hodi, kichwa wazi, kiatu mguu mmoja. "Sekela anaharisha tangu alfajiri. Anatapika. Mama, yanatoka meupe!" Wakampakia kwenye bajaji, Bi Tunu akimshikilia binti yule mapajani, mwepesi mno kwa mtoto wa miaka kumi na minne, na njia nzima hakutamka kitu isipokuwa jina la Mungu.

Kituo cha afya, muuguzi alimtazama Sekela mara moja tu, akawafukuza waliokuwa kwenye benchi na kuita dripu. Alipomaliza kuchoma sindano aliwageukia.

"Kuna mtu mwingine ameumwa hivi mtaani kwenu? Au amekufa?"

"Hakuna," alisema Benedicta. "Jirani yetu mmoja tu, lakini yule ni presha."

Bi Tunu alimfunika Sekela miguu kwa kanga yake. Kisha akasema, "Haikuwa presha."

Benedicta aligeuka taratibu. Hakupiga kelele, hakumtukana. Alimtazama tu, na Bi Tunu aliona heshima ya miaka kumi na tano ikiondoka machoni mwa yule mwanamke, akatamani apigwe.

"Alikufa lini?" aliuliza muuguzi.

"Jumatano. Na jana mtaa mzima umekula karamu kwenye vyombo vyangu."

"Leo Jumapili, bibi." Muuguzi alivuta karatasi. "Maji ni yapi? Nani wamekula jana? Na hivyo vyombo viko wapi sasa, tuvizuie?"

Bi Tunu alifungua mdomo, na hapo ndipo alipokumbuka. Vyombo havikuwa stoo. Vilikuwa vimechukuliwa asubuhi ile, baada ya sala ya alfajiri, na watu wa harusi ya Kawe. Alivisuuza mwenyewe kwa haraka kwa maji yaliyobaki kwenye madumu, akavipanga vikiwa vimelowa, akawapa, akawatakia heri na kuahidi kuwafuata.

Alitoa simu, akampigia mama wa bibi harusi. Ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, muziki nyuma yake ukiunguruma, vijiko vikigonga sahani, watoto wakicheka.

"Mama Twaha!" ilisikika sauti upande wa pili. "Uko wapi wewe? Mbona umechelewa, tumeshaanza kula!"