Masharubu ya Thyra

"Hayo masharubu siyabandui!" Thyra alifoka. "Watu wote wanione sura?"

"Usipoyabandua harusi itatoka wapi?" Bwana Krogh, mwongozaji wa filamu, akamjibu. "Msichana kajivika uanaume ampime mchumba wake, mwishoni anajifichua. Watu wanalipa wacheke, dada. Bandua!"

Thyra hakuwa na ubishi wa bure. Alimwogopa baba yake. Mzee Anders, fundi viatu hapo mtaa wa Vesterbro, homa ilimwacha kiziwi, akajifunza kusoma midomo ya watu. Sinema za enzi hizo, zisizo na sauti, alizipenda kupita kiasi, maana humo hata wenye masikio hawasikii kitu. Ila wasichana wanaozicheza aliwaita malaya, akaapa kwamba binti yake akikanyaga huko, asirudi nyumbani kwake. Kutazama halali, kucheza haramu: wanaume hao! Thyra akamwambia anashona kofia.

Tena buti za kiume alizovaa alizichomoa kwenye karakana ya mzee. Zilikuwa za mchinjaji, zimeshatengenezwa, zikisubiri mwenyewe.

"Semeni lolote!" Krogh akapiga kelele, kamera ikizungushwa. "Midomo icheze tu!"

Thyra akampigia magoti yule mchumba wa kwenye filamu, akasema lililokuwa moyoni: "Mungu wangu, baba asijue. Nimeiba buti za mchinjaji."

Wiki chache baadaye mzee akamwambia, "Vaa koti, tukacheke."

Angekataa kwa sababu gani? Kwenye ukumbi wa sinema akakaa kando yake. Mzee alicheka hadi machozi. Hakumtambua! Thyra akaanza kuomba filamu ikatike kabla ya masharubu kutoka. Ndipo yule kijana kwenye pazia akapiga magoti, na kicheko cha mzee kikakatika.

"Buti za mchinjaji?" akauliza kwa sauti ya kiziwi, ukumbi mzima ukageuka.

Masharubu yakabanduliwa. Mzee akachukua kofia yake, akatoka.

Thyra alimfuata kwa mbali. Alipofika kwenye ngazi za nyumbani akasimama. Akasubiri kusikia komeo likifungwa. Akasubiri sana. Mwishowe akausukuma mlango, ukafunguka.

Mzee alikuwa kwenye benchi lake, akimtazama mdomoni.

"Nisamehe, baba."

"Kumbe ndiyo maana zile buti zililika kabla mwenyewe hajazichukua! Nikajiona mzee, mkono umeharibika." Akavuta pumzi. "Visigino nilivirudia bure. Hilo deni lako nimelifuta."

"Na mimi je?"

"Siku nyingine omba buti. Zile zilikupwaya, ulitembea kama bata."