Siku Korlu Alipokalia Sufuria ya Mjomba Wake

Mke wangu Korlu ana sauti inayoweza kumwita mtu aliye shambani huku yeye yuko jikoni. Anaoka mikate ya mchele na ndizi mbivu, na kila siku ya soko anaibeba kichwani kuipeleka Sakazu, ng'ambo ya kijito. Mimi ni mgema. Hapa Fasamai watu husema kwamba mwanamume wa nyumba yetu ni Korlu, nami sijawahi kupata nafasi ya kubishana nao kwa sababu yeye ndiye huwajibu.

Kijito chenyewe kina gogo moja. Kiangazi unapita ukipiga mluzi. Masika maji yanalifunika, na unalitafuta kwa vidole vya miguu. Korlu alipoanguka mara ya kwanza, mikate yote ilikwenda na maji, nami nilicheka mpaka nikakaa chini. Alipoanguka mara ya pili, maji yalimbeba yeye. Nilimkuta kule chini amekumbatia tawi kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika sinia tupu, meno yanagongana.

"Akoi," akaniambia, "mara ya tatu utanizika."

Siku hiyo sikucheka. Tangu hapo, mvua ikinyesha siku ya soko sipandi mchikichi, maana mikono inakuwa haina nguvu. Watu wakinitania kwamba namwogopa mke wangu, nawaambia ni kweli, naogopa nisije nikamkosa.

Basi kaunti ikatangaza kwamba inapanga bajeti ya mwaka unaofuata, na kwamba miji midogo kama yetu haipewi fungu peke yake. Muungane miwili miwili, mkubaliane kitu kimoja, mkitamke mbele ya afisa mipango, naye atakiandika papo hapo. Mkishindwa kukubaliana, fungu linakwenda kwa wengine. Sisi Fasamai tukaunganishwa na Sakazu, na mkutano ukapangwa kufanyika kwao.

Tatizo ni kwamba Sakazu ni wajomba zetu. Mama wa mtu aliyeanzisha Fasamai alitoka huko. Kwa Korlu ujomba huo ni wa damu kabisa, kwa sababu mkuu wa mji wa Sakazu, Mzee Guluma, ni mdogo wa mama yake, tumbo moja. Na kwetu, mjomba akisema mbele ya wageni, mpwa hampingi kwa mdomo. Lakini mpwa ana mikono. Akishika kitu cha mjomba wake na kukikalia, mjomba hana ruhusa ya kumnyang'anya wala kununa. Inambidi akikomboe kwa kumpa mpwa anachotaka. Kwa njia hiyo Mzee Guluma alikwishapoteza mbuzi, mwavuli, na redio ambayo alikuwa bado anaisikiliza.

Sisi tulitaka daraja. Yeye alitaka nyumba ya wageni, yenye mabati na vitanda. Alijua tutanyamaza akisema, na alijua pia kwamba mikono yetu itatuwasha.

Siku ya mkutano tulivuka kwenda Sakazu, na tulipofika kwenye kibanda cha baraza nilidhani kumetokea msiba. Wazee wote wa Sakazu walikuwa vichwa wazi, miguu mitupu, bila fimbo, bila tumbaku, bila hata usinga wa kufukuzia nzi. Mzee Guluma, ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila kofia yake nyekundu, alikuwa amekaa na upara unang'aa. Kanzu yake ameifunga kwa kamba, fundo juu ya fundo. Mabenchi yameazimwa kanisani.

"Karibuni, wapwa zangu," akasema, mikono imekunjwa kwapani. "Jisikieni kwenu."

"Mjomba, mbona kama umeibiwa?" Korlu akamuuliza.

"Bado," akajibu. "Ndiyo maana nimejiandaa."

Afisa mipango, Bwana Wesseh Tarpeh, mtu wa pwani huko, alikuwa amefika na wenzake wawili, suruali zimelowa mpaka magotini kwa sababu ya lile gogo. Mzee Guluma akamkabidhi kuku mweupe na mbegu za kola za kukaribisha mgeni haraka haraka, akamsukumia kifuani, ili visikae mikononi mwake hata kidogo. Halafu akasimama na kueleza habari ya nyumba ya wageni: milango yake, madirisha yake, rangi yake. Alieleza vizuri, mwanaharamu yule. Alipokaa, afisa akatugeukia.

"Na Fasamai mnasemaje?"

Tukatazama miguu yetu. Mkuu wetu wa mji akakohoa. Mimi nikamwangalia kuku.

"Basi hakuna pingamizi," akasema afisa, akafungua kalamu.

Hapo Korlu akainuka. Alipita nyuma ya kibanda kile kisicho na kuta, chini ya upenu, kule wanawake wa Sakazu walikokuwa wameipua sufuria kubwa ya mchuzi wa torborgi, wenye magadi na mafuta mekundu, nyama ya kukausha, samaki wa moshi, harufu yake inakuita kwa jina. Akakunja kitenge chake mara kadhaa, akakiweka juu ya mfuniko, akakaa.

Mzee Guluma alikuwa ameficha kila kitu isipokuwa chakula cha mchana.

"Korlu, mpwa wangu," akasema kwa sauti tamu, maana kununa hakuruhusiwi, "umechoka? Nikuletee kigoda?"

"Nimepata cha kukalia, mjomba."

"Hicho ni chakula cha wageni."

"Wageni wameshaonja?"

"Bado."

"Na nyama ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi nimekalia kitu cha mjomba wangu. Nataka daraja."

"Kalia," akasema Mzee Guluma. "Ukiiva tuambie, tukuongeze chumvi."

Sakazu wote wakaangua kicheko. Korlu akahama kutoka tako moja kwenda jingine, maana sufuria ilikuwa bado na moto, lakini hakuinuka. Afisa akaniinamia sikioni.

"Huyu mama ndiye mpishi?"

"Huyo ni mke wangu," nikasema, nikamweleza mambo ya wajomba na wapwa.

"Kwa hiyo hatuli mpaka wakubaliane?"

"Ndivyo."

Akaitazama sufuria kwa huzuni. "Nimezunguka kaunti nzima. Bajeti yenye mfuniko sijawahi kuiona."

Tukakaa. Matumbo yakaanza kuzungumza badala yetu, na la afisa lilizungumza kuliko yote. Mwisho akashindwa kuvumilia. "Mzee wangu, hii nyumba ya wageni ina umuhimu gani hata tufe njaa?"

Mzee Guluma akashika upara wake, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake haukuwa wa mchezo.

"Kwa sababu hamlali," akasema. "Kila mkubwa anayekuja Sakazu anakula huku anatazama jua. Akimeza tonge la mwisho, amesimama. Hata pumzi hajashusha. Baba yangu alikuwa anapokea wageni wa siku nyingi, wanacheka naye mpaka asubuhi. Mimi nimekuwa mkuu wa mji miaka yote hii, na hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuamka kwangu. Mji usiolaza mgeni ni mji gani?"

Nilimwonea huruma, ingawa nilikuwa upande wa sufuria.

"Wanakimbia kijito, mjomba," Korlu akasema kwa upole kutoka kule alikokaa. "Hawakukimbii wewe."

Kabla mzee hajajibu, mvua ikashuka. Haikuanza kwa matone, ilimwagwa. Tulipanga kungoja ipungue, nayo haikupanga kupungua. Baadaye mmoja wa wale waliokuja na afisa akakimbia kwenda kutazama, akarudi ameloa chapachapa.

"Gogo halionekani! Maji yamefika kwenye migomba!"

Afisa akafunga begi lake taratibu. "Basi leo itabidi tulale hapa."

Mzee Guluma akasimama kama aliyeumwa na siafu. "Umesemaje?"

"Tulale. Kama kuna nafasi."

"Kama kuna nafasi!" Akamgeukia mkewe. "Toa nguo zako chumbani! Toa kila kitu! Wekeni maji motoni wageni wakaoge! Nani ana shuka jeupe? Leteni kofia yangu!" Fundo la kamba likafunguka, kanzu ikapepea, naye hakujali. "Korlu, inuka hapo, wageni wangu wana njaa!"

"Daraja, mjomba."

"Chukua! Chukua daraja! Bwana afisa, mwandikie daraja huyu, mwandikie hata mawili, lakini ale mtu hapa!"

Afisa akaandika, akala, akalala. Korlu alibaki na alama ya duara kwenye kitenge, na kwingine ambako si lazima nipataje. Asubuhi Mzee Guluma alitusimulia jinsi afisa anavyokoroma, tena kwa fahari, akimwigiza.

Fungu likapita, na kiangazi kilichofuata daraja likajengwa, la mbao ngumu na vyuma, Fasamai tukibeba mawe na Sakazu wakibeba mchanga na matusi. Siku ya kulizindua magari ya kaunti yalivuka mpaka kwenye mlango wa Mzee Guluma. Alikuwa ametandika kitanda, akanyunyiza na maji ya manukato. Wakubwa walikula, wakashikana naye mikono na kualisha vidole kwa desturi yetu, wakaingia garini. Sahani zilikuwa bado hazijakusanywa. Bwana Tarpeh alimpungia kupitia dirishani. "Siku hizi njia ni nzuri, mzee," akasema, "saa chache tu tuko nyumbani."

Mzee alibaki mlangoni, ameshika kofia, akitazama vumbi. Mimi na Korlu tulivuka kurudi kwetu bila kulowa hata ukucha, na mke wangu, ambaye alipaswa kuimba njia nzima, hakufungua mdomo.

Siku ya soko iliyofuata hakurudi. Jua likashuka, sinia halionekani, sauti haisikiki. Kichwani nilijua daraja lipo, lakini miguu haikujua, ikakimbia. Nilifika Sakazu nikihema, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Guluma. Alikuwa amekaa kizingitini, kofia imenyooka kichwani, na kidole amekiweka mdomoni kabla sijasema kitu. Chumbani kulikuwa na koromo ninalolijua kuliko jina langu.

"Pole pole, Akoi," akaninong'oneza. "Nina mgeni."