Mabuti ya Jumapili

Sisi vibarua wa ghala la samaki la Kashikishi, kando ya ziwa, tulifanya kazi peku. Mabuti ya mpira yalikuwa ya walioajiriwa tu, kana kwamba mwiba wa kambale huuliza kwanza kama una mkataba. Miaka ile ya sabini, mwenzangu wa meza moja, mwanamke mcheshi kuliko soko zima, alikanyaga pezi la kambale lililoanguka sakafuni. Mguu ukavimba, akakaa nyumbani wiki nyingi bila chochote. Kibarua hana likizo ya ugonjwa; anaachwa tu. Aliporudi, watu wa zahanati walikuwa wamemwonya kwamba mguu ule ukichomwa tena, huenda asitembee vizuri maisha yake yote.

Msimamizi wetu, bwana mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa, alimsumbua mwenye ghala mpaka na sisi tukaletewa mabuti. Yalikuwa meusi, yanang'aa. Tuliyavaa tukacheza palepale, kazi ikasimama. Kisha tukayafunga kwenye vitenge, tukayapeleka nyumbani, na kesho yake tukarudi peku.

Msimamizi alishika kichwa. Mwenzangu akamweleza kwa upole, kama anayefundisha mtoto.

"Tata, bote ya muzuri vile, niingize mu damu ya samaki?"

Jumapili tukayavaa kanisani. Sijui kama nimewahi kufurahi kama siku ile. Tuliingia safu nzima, vitenge vimepigwa pasi, na chini mabuti yanalia kwii kwii mpaka kwaya ikashindwa kushika wimbo. Wake wa wale walioajiriwa walitukunjia uso, nami nikarudi nyuma makusudi ili nipite mbele yao tena.

Baada ya ibada msimamizi alikuwa amesimama mlangoni. Tulidhani atafoka. Alimwangalia mwenzangu tu, akasema polepole:

"Mama, Mungu ye anajua muguu yako. Kambale haijue."

Jumatatu mwenzangu alikuja kazini ameyavaa, amenuna, akipangusa kila tone lililoyarukia. Sisi wengine tukamfuata, tukinung'unika. Kabla ya mchana kambale mkubwa aliteleza mezani akamwangukia mguuni, mguu uleule. Tuliacha visu, tukainama kuangalia. Mwiba ulikuwa umenasa kwenye mpira, karibu na kidole gumba.

Aliung'oa, akavua buti, akapapasa mguu wake kila upande. Hapakuwa na damu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye maji ya samaki na kitenge chake safi, nasi tukacheka naye huku machozi yakitutoka.

Jumapili iliyofuata tuliyaacha mabuti ghalani, yananuka samaki kama yanavyotakiwa. Ya mwenzangu tu ndiyo yalikuja kanisani. Alimwinulia mguu kila aliyemsalimu mlangoni, aone lile tundu la mwiba.