Picha za Mwaura Nilizozifuta

Uji wa wimbi ukishika chini ya sufuria, si ule wa kuungua kabisa, ule wa kushika tu kidogo, hutoa harufu kama ya hindi linalochomwa na mtu asiye na haraka. Wiki jana nilitoka shule nikaikuta harufu hiyo kwenye ngazi za ploti yetu hapa Ruiru. Ilikuwa inatoka kwa jirani. Nilisimama pale na begi mgongoni mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimepoteza funguo. Nikasema ndiyo. Mimi nikiulizwa kitu na mtu nisiyemzoea husema ndiyo kwanza, mengine baadaye.

Sikuwa nimepoteza funguo. Nilikuwa nimemkumbuka Mwaura.

Mwaura alikuwa ndugu yangu mdogo, tumefuatana mimi na yeye. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hakuwahi kutembea wala kusema neno, shingo yake ilikuwa inachoka haraka, na uji ndio chakula pekee alichokimeza bila vita. Mama alikuwa anaupika kila asubuhi huku anafanya kazi zingine tatu, ndiyo maana ulikuwa unashika. Na nikuambie ukweli, Mwaura aliupenda ulioshika kuliko ule mzuri. Ukimletea uliopikwa kwa makini alikuwa anautema polepole, huku anakuangalia ili ujue si bahati mbaya.

Hayo yote nilikuwa nayo kwa picha.

Nilikuwa na miaka tisa Mama aliponunua simu nyingine akaniachia ile ya zamani, kioo kimepasuka kutoka kona moja hadi nyingine. Haikuwa na laini. Kazi yake ilikuwa kupiga picha tu. Labda wewe unayesoma hujawahi kuwa na haya kiasi changu. Wageni wakija nilikuwa naingia nyuma ya pazia la dirisha, na pazia lenyewe lilikuwa fupi, kwa hivyo wageni walikuwa wanaisalimia miguu yangu. "Miguu, hamjambo?" Lakini nikiiweka ile simu mbele ya uso, watu walikuwa wanaiangalia simu, hawaniangalii mimi. Niligundua jambo hilo peke yangu, na sikumwambia mtu, nisije nikanyang'anywa.

Basi nikapiga. Baba kazi yake ni kuchoma nyama kule Kamakis, na siku akiingia zamu ya jioni alikuwa analala mchana sebuleni na shati lake la moshi. Mwaura alikuwa analazwa juu ya kifua chake, kwa sababu aliipenda ile harufu. Nilikuwa na picha yao wote wawili midomo wazi, mate ya mmoja yanaingia kwa kola ya mwingine. Nilikuwa na ya Mama amefunga lesso kichwani, unga kwenye nyusi, anacheka kwa sababu Mwaura amekipiga kijiko teke kikaruka hadi kwa ndoo. Na ile niliyoipenda kuliko zote ni ya siku birika lilipochemka, kifuniko kikaanza kucheza, takataka-takataka. Mwaura amegeuza uso upande, jicho moja limefumba, uji kwa kidevu, anacheka kwa mwili mzima. Ilitoka na ukungu. Mkono wangu ulikuwa unatikisika maana na mimi nilikuwa nacheka.

Mama akiziona alikuwa anasema, "Ai, Nyambura, sasa hii ni picha gani? Si ungeniambia nivae?" Lakini alikuwa anarudia kuziangalia, na hakuwahi kuniambia nizifute.

Kwetu picha ni kitu cha kuvalia. Unapigwa ukibatizwa, unapigwa ukimaliza shule, unapigwa siku ya ruracio, mahari ikiletwa, ukiwa umesimama kama askari wa benki. Hakuna mtu anayepigwa akila. Shosho, mama yake Baba, alikuwa anasema picha ya mtu akila ni kama kumchungulia bafuni.

Mwaka huo Shosho na Guka walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na sherehe ikawa nyumbani kwao Thika, mtaa wa Landless. Shosho akaamua familia nzima ivae kitenge kimoja, cha samawati na maua ya manjano, halafu tupigwe picha moja kubwa ya kutundikwa kwa kila nyumba. Mama alipeleka vipimo vyetu vyote kwa fundi, na vya Mwaura pia. Fundi alishona shati la Mwaura mara mbili. La kwanza halikuingia, mikono yake ilikuwa haikunjiki upesi. Mama akarudi akamwonyesha: lifungukie mgongoni, hivi, na vifungo viwe vikubwa. Nakumbuka alivyolipiga pasi siku hiyo asubuhi. La kwangu hakulipiga pasi.

Mpiga picha alikuwa mzee mmoja Mhindi mwenye studio mjini Thika, aliyezaliwa hukohuko, na Kikuyu chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Alitupanga kwa urefu, akamwambia Guka atoe kalamu mfukoni, akamwambia Baba avute tumbo. Watu wakacheka. Mwaura alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu pembeni yangu, shati lake limenyooka, kichwa kimeegemea mto.

Tata Wairimu, dada mkubwa wa Baba, akaja akainama kwa sikio la Mama, lakini Tata hajui kunong'ona.

"Mama Nyambura, jua hili litamuumiza mtoto. Si alale ndani kidogo?"

Ulikuwa mwezi wa saba. Mtu wa Thika anajua mwezi wa saba, hakuna jua, kuna wingu la kijivu limekukalia kichwani mpaka jioni. Mama alimtazama Baba. Baba akatazama viatu vyake.

"Ni dakika mbili tu," Shosho akasema kutoka kiti cha mbele. "Nyambura, mpeleke. Wewe ndiye mnaelewana."

Nilimpeleka. Tena nilifurahi kupewa kazi mbele ya watu. Baba alikuja akamwinua, akamlaza kwa kitanda cha Shosho katikati ya makoti ya wageni, akatoka bila kuniangalia. Nilipofika mlangoni Mwaura akaanza kulia. Sijui alijuaje. Nikafunga mlango, nikarudi kwa mstari.

Yule mzee aliweka jicho kwa kamera, akaliondoa.

"Watoto wote wako?"

"Wote," Shosho akajibu.

Kilio kilikuwa kinasikika wazi, dirisha lilikuwa nyuma yetu. Mzee akatazama dirisha, akamtazama Shosho, akabonyeza. Mle ndani ya ile picha Mama anatabasamu. Ukimfunika mdomo kwa kidole uangalie macho peke yake, utafikiri ni mtu mwingine.

Mzee alipomaliza, Mama alikimbia ndani na hakutoka tena hadi wakati wa chakula.

Sasa hapa ndipo ningependa kuruka, lakini nimejiahidi sitaruka. Binamu zangu walikuwa wamekaa karibu na tangi la maji, na Brayo, mtoto wa Tata Wairimu, akaona simu yangu.

"Hebu nione picha zako."

Nikampa. Hakuna mtu wa Thika aliyekuwa ameniomba kitu tangu tufike. Akapitisha kidole moja, mbili, tatu.

"Manze! Huyu ndugu yako hukaa hivi? Mate yote! Na hii, mamako amevaa nini kichwani?" Akawageuzia wengine kioo. "Sasa hizi unaweka za nini? Utaonyesha nani?"

Walicheka. Si kicheko kibaya sana, ni kile cha watoto, kinachopita. Brayo mwenyewe alikuwa ameshasahau kabla hajanirudishia simu. Keki ilikuwa inakaribia kukatwa, na simu ilikuwa imejaa, kila nikibonyeza inakataa. Kwa hivyo nilikuwa na sababu nzuri, ukitaka kunitetea.

Nilikaa kwa jiwe nyuma ya tangi nikaanza kuzifuta. Nilianza na zenye ukungu, ile ya birika ikaenda hapo. Halafu zenye mate. Halafu za Mwaura akiogeshwa kwa karai, za Mama na lesso, za Baba amelala. Nilizifuta moja moja, nikiangalia kila uso kabla sijabonyeza, na ile simu ilikuwa ya zamani, ukifuta umefuta. Nilikuwa naona aibu inapungua kwa kila picha. Nilipomaliza nilikwenda nikapiga keki. Nilipiga keki mara nyingi sana.

Mwaka uliofuata, mvua za mwezi wa nne zikaja na baridi ya kifua. Mwaura alilazwa siku ya Jumatatu. Alhamisi Mama alirudi nyumbani na kile kiti cha magurudumu, mto wake juu yake. Nafikiri hapo inatosha.

Kwetu mtu hazikwi bila karatasi ya programu yenye picha yake mbele. Hata maskini wa mwisho anachapiwa. Baba aliniita chumbani.

"Nyambura, wewe ndiye ulikuwa unapiga picha. Tutolee moja ya Mwaura akiwa amecheka."

Nilimwambia simu iliharibika, picha zikapotea.

Baba alishika kichwa. Mama aliichukua ile simu kwa droo, akajifunga lesso, akatoka nayo kwenye mvua kutafuta fundi. Alikwenda kwa mmoja hapa Ruiru, akaenda kwa mwingine Juja karibu na chuo, kwa sababu aliambiwa vijana wa kule wanaweza kurudisha vitu. Alirudi jioni viatu vimejaa matope. Akaiweka simu mezani mbele yangu.

"Fundi anasema simu ni nzima," akasema. "Anasema ina keki."

Akaenda kuweka chai. Hakuwahi kuniuliza tena, hadi leo, na mimi sijawahi kumwambia. Ndiyo maana naandika.

Picha iliyopatikana ilikuwa moja, ile ndogo ya kitambulisho cha ulemavu. Mwaura alipigwa akiwa na miaka minne. Shingo haikuwa inakaa, kwa hivyo Mama alijificha nyuma ya shuka jeupe akamshika kidevu kutoka chini. Mwaura ametoa macho, ameogopa ule mwanga, na chini ya taya zake vinaonekana vidole vinne vya Mama.

Tulikwenda nayo Thika, studio ya yule mzee, kwa sababu Tata Wairimu alisema ndiye anayejua kazi. Aliikuza kwa kompyuta, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

"Wetu," Baba akasema.

"Siku ile ya kitenge alikuwa wapi?"

Feni ilikuwa inazunguka juu. Mzee akakohoa, akashika kipanya.

"Hivi vidole nitoe? Naweza kuweka kola hapa, havitaonekana."

"Toa," Tata akasema haraka. "Weka kola na tai. Akae vizuri."

"Wacha," Mama akasema.

"Mama Nyambura, watu watauliza..."

"Waulize. Mlimtoa mkasema ni jua. Mimi hamnitoi hapo. Hivyo vidole ni vyangu."

Sikuwa nimewahi kumsikia Mama akimjibu Tata. Tata alifungua mkoba, akaufunga. Mzee hakuuliza tena, alichapisha vile vile ilivyokuwa. Siku ya mazishi watu waliishika ile karatasi, mtoto aliyeogopa na vidole visivyo na mtu, na kweli waliulizana. Wengi hawakuwa wanajua kwamba Mwaura yuko. Shuleni tulikuwa tumefundishwa methali, asiyekuwepo na lake halipo, na nilikuwa nimeipatia alama zote.

Ile picha kubwa ya kitenge bado iko ukutani kwa Shosho na kwa Tata. Kwetu Mama aliigeuza ikatazama ukuta, halafu siku moja haikuwepo tena, na Baba hakuuliza. Nilipokuwa mdogo nilifikiri picha mbaya ni ile inayomwaibisha aliye ndani yake. Nilichelewa kujua kwamba Mwaura hakuwa na aibu yoyote mle ndani. Alikuwa anakula uji. Aibu ilikuwa yangu, na niliitoa kwa kumtoa yeye, kama vile watu wazima walivyokuwa wametoka kunifundisha nusu saa kabla. Shosho na Tata walimtoa kwa picha moja. Mimi nilimtoa kwa zote.

Juzi Jumapili tulikuwa tumekaa sebuleni watatu, Mama anachambua mchele kwenye ungo. Baba, bila kuulizwa, akasema Mwaura alikuwa akicheka anapata kibonyo shavuni, shavu la kulia.

"La kushoto," Mama akasema.

"Kulia, Mama Nyambura. Si alikuwa analala hapa kwa kifua changu?"

"Kushoto."

Walibishana kidogo, kwa upole, kama watu wanaotafuta kitu kwenye giza bila kutaka kugongana. Ile picha ya kitambulisho haiwezi kuamua, mle ndani hacheki. Mwishowe Baba akanigeukia.

"Wewe sema. Wewe ndiye ulikuwa na picha."

Mama akaacha kuchambua. Hakuinua macho, lakini vidole vyake vilisimama juu ya mchele, akangoja.

Nikasema kushoto, kwa sababu Mama ndiye aliyekuwa anambeba.

Ukweli ni kwamba sijui.